Oili, grisi, Vaseline au asembli lubu: unapofunga injini upake nini?

Kranki imerudi kutoka kuchongwa, beringi mpya ziko kwenye boksi, ringi zimepimwa, bloku imeoshwa. Kilichobaki ni kufunga. Hapo ndipo mafundi wanapotofautiana sana: huyu anamimina oili mpya, yule anachovya kidole kwenye grisi, wa tatu anachanganya oili na STP, kiongezi kizito cha oili, na mmoja mmoja anatoa chupa ndogo ya asembli lubu, yaani kilainishi kilichotengenezwa mahsusi kwa kufungia injini. Wote wanne wana injini zinazotembea barabarani, kwa hiyo kila mmoja anaamini njia yake ndiyo sahihi.

Ulinganisho huu ni wa mwenye gari anayetaka kujua amnunulie fundi kitu gani, na wa fundi anayefunga injini tunazozoea: 5A na 4A za Corolla na Carina, 1NZ ya IST na Probox, 4Y na 5L za HiAce. Niseme mapema ninakoegemea. Mambo mawili ndiyo ya kuamua: ni sehemu gani unaipaka, na injini itakaa siku ngapi kabla ya kupigwa stata. Bei ije baada ya hayo, maana chochote kati ya hivi ni pesa ndogo ukikilinganisha na kurudia kazi nzima.

Muda mfupi kabla ya presha kupanda

Injini ikiwa inafanya kazi, shingo za kranki, yaani sehemu zake zinazozunguka ndani ya beringi, hazigusani na beringi. Zinaelea juu ya utando wa oili, katika nafasi ambayo kwa injini nyingi za petroli ni takriban mm 0.02 hadi 0.05. Utando huo unahitaji kranki izunguke na pampu iendelee kuleta oili ya kufidia ile inayochuruzika pembeni. Injini iliyotoka kufungwa bado haina huo msaada wa pampu. Filta ni tupu, njia za oili ndani ya bloku ni tupu, pampu imejaa hewa. Tangu stata inapoanza kuzungusha mpaka taa ya oili inapozima, kinachotenganisha chuma na chuma ni kile tu ulichopaka kwa mkono.

Beringi iliyokosa mafuta kwa muda huo mfupi utaitambua ukiifungua. Uso wake ulipaswa kuwa wa kijivu kilichofifia, sawasawa ukingo hadi ukingo. Iliyoumia ina michirizi inayong'aa kufuata mzunguko wa kranki, na katikati, pale konrodi inapokandamiza zaidi, rangi ya shaba imeanza kuchungulia. Pitisha ukucha, utausikia ukikwama kwenye michirizi. Tabaka laini la juu kwenye beringi zenye shaba chini yake lina unene wa karibu mm 0.02 tu, na likishakwanguka halirudi. Ubaya ni kwamba gari halinoki siku hiyo. Linatoka gereji kimya, mteja analipa, linapiga kazi miezi kadhaa, kisha linaanza kugonga. Lawama zinaangukia beringi feki au oili mbovu. Wakati mwingine ni kweli, feki zipo nyingi. Wakati mwingine jeraha lilipatikana siku ya kwanza kabisa, kabla taa ya oili haijazima.

Oili mpya ya injini

Naanza na hii kwa sababu inadharauliwa bila haki. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaelekeza kupaka oili ya injini kwenye beringi, pistoni na kamshafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) wakati wa kufunga, na grisi huitajwa zaidi kwenye midomo ya sili. Kwa hiyo fundi anayefunga 1NZ kwa oili mpya tupu anafuata kitabu. Oili hiyo haigombani na utakayojaza baadaye, haizibi chujio, na imeshaingia kwenye hesabu ya mteja.

Udhaifu wake ni kwamba haitulii mahali. Paka shingo ya kranki leo, jioni bado utaiona. Rudi baada ya wiki, nyingi imeshashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kilichobaki ni utando mwembamba sana. Oili nzito hukaa zaidi: kwa kazi hii 20W-50 au SAE 40 inaishinda 5W-30, na hakuna ubaya kufungia kwa 20W-50 injini ambayo itatembea kwa 5W-30, kwa sababu kiasi ni kidogo na kitamwagwa mapema.

Kitabu kinamfikiria fundi anayefunga leo na kuwasha kesho. Gereji zetu haziendi hivyo. "Fundi, gari lini?" "Bosi, tunasubiri gasketi ya hedi, waliyoleta siyo." Kisha mteja naye anasubiri mwisho wa mwezi, kisha wachongaji wanachelewesha hedi. Injini inakaa chini ya turubai wiki tatu, nne. Kama ni Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya bahari haipumziki, na wekundu wa kutu unaanza kujitokeza kwenye kuta za silinda na kwenye nundu za kamshafti, palipokimbiwa na oili. Hapo oili tupu imeshindwa, hata kama ni ya bei kubwa kuliko zote dukani. Na kama injini inasubiri, usiizungushe kwa mkono kila mgeni anapokuja kuitazama, maana kila mzunguko unafuta kilichobaki.

Kwa injini ya kawaida itakayowashwa ndani ya siku moja au mbili, oili mpya inatosha. Sioni sababu ya kumwongezea mteja gharama hapo, isipokuwa kwa kamshafti mpya za aina nitakayoieleza mbele.

Asembli lubu ya kimiminika kizito

Kwa beringi za injini ambayo siku yake ya kuwashwa haijulikani, chaguo langu ni hili. Majina utakayokutana nayo ni kama Red Line, Permatex Ultra Slick na Lucas. Ni nzito, inanata, na unapoinunua unalipia sifa mbili. Kwanza, inashika palepale ulipoipaka kwa wiki na hata zaidi. Pili, injini ikipata joto inayeyuka yote ndani ya oili bila kuacha mabonge. Ndani yake huwekwa viongezi vya kuzuia kusagika ambavyo huanza kazi hasa pale chuma kinapokaribiana na chuma.

Unaweza kuilinganisha na oili kwa vidole. Weka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha polepole. Oili ya kawaida inakatika mara moja. Asembli lubu inavuta uzi kabla ya kukatika, na hata ukijifuta kwa kitambaa kikavu utelezi unabaki kwenye ngozi. Utelezi huo unaobaki ndio unaoutaka kwenye beringi ya meni (ile inayoshika kranki kwenye bloku) iliyokaa wiki tatu ikisubiri gasketi.

Chupa ya ml 118, ile ya aunsi 4, inatosha injini ya silinda nne na kubaki. Kinachotakiwa ni utando unaofunika uso wote. Ukijaza mpaka inafura pembeni unapokaza kofia za beringi, ziada inaanguka kwenye sampu na haijasaidia chochote. Paka kwa kidole chenye glavu safi au brashi mpya, na zile beringi za upande zinazozuia kranki kusogea mbele na nyuma zisisahaulike. Hukumbukwa za mwisho, na wakati mwingine hazikumbukwi kabisa.

Kuna jambo hapa linalohusu kilainishi chochote utakachochagua: kipakwe upande unaotazama kranki peke yake. Mgongo wa beringi na kiti chake, kwenye bloku na kwenye konrodi, viwe safi na vikavu. Beringi inashikiliwa na kule kubanwa kwake kwenye kiti, na joto lake hupitia hapo hapo kwenda kwenye chuma cha bloku. Mafuta yakiingia mgongoni, joto linakwama na nafasi uliyoipima imebadilika. Kupima nafasi kwa plastigeji, uzi wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na kranki, nako kufanyike pakiwa pakavu. Pima, futa, kisha paka.

Shida ya asembli lubu ni kuipata. Si kila duka la spea la Kariakoo au la Kirinyaga Road jijini Nairobi linalo, na ukitoka nje ya miji mikubwa unaweza kuzunguka kutwa nzima. Iweke kwenye orodha ileile ya beringi na ringi, usisubiri siku ya kufunga.

Ukiikosa, njia ya kati ipo: oili mpya nzito na STP, au kiongezi kingine kizito cha oili cha namna hiyo, nusu kwa nusu, kwenye chombo safi chenye kifuniko. Mchanganyiko huu hukaa kuliko oili tupu na huyeyuka vizuri. Kwa injini itakayosubiri wiki moja ningeutumia bila wasiwasi. Kwa mwezi mzima pwani, hapana.

Pesti nyeusi ya molibdeni

Watu huiona nyeusi na nzito wakadhani ndiyo bora kwa kila kitu. Molibdeni disulfidi ina tabaka nyembamba sana zinazoteleza moja juu ya nyingine, hata zikikandamizwa kwa nguvu ambayo ingeisukuma oili yote nje. Kwenye injini nguvu ya namna hiyo ipo hasa mahali pamoja, pale nundu ya kamshafti inapoisukuma tapeti bapa. Pesti hii ilitengenezewa kazi kama hiyo. Liqui Moly ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa kiongezi cha oili chenye madini haya, inauza pesti ya kufungia iitwayo LM 48, na watengenezaji wa kamshafti nao huuza za kwao.

Chukua 4Y. Kamshafti yake iko ndani ya bloku, inasukuma tapeti, tapeti zinasukuma fito, fito zinasukuma roka. Nundu za kamshafti iliyokaa huko chini hutegemea sana oili inayorushwa na kranki ikizunguka kwa kasi. Injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, oili inayozifikia ni kidogo. Sasa fikiria kamshafti mpya na tapeti mpya, nyuso ambazo hazijawahi kukutana, zinaanza kusuguana kwenye sailensi ya chini wakati fundi anahangaika na taimingi ya distribyuta. Nundu inaweza kusagika siku hiyo hiyo, na chuma chake kikazunguka na oili kwenda kwenye beringi ulizozifunga kwa uangalifu.

Kwa hiyo kwenye 4Y yenye kamshafti na tapeti mpya, pesti ya molibdeni kwangu ni lazima: kila nundu, na uso wa chini wa kila tapeti. Shingo za kamshafti yenyewe zinatosheka na asembli lubu au oili. Taimingi iwekwe sawa kabla, maji na mafuta yawe tayari, ili injini ishike mara moja bila kupigiwa stata muda mrefu. Ikiwaka, ipandishe papo hapo hadi mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, uishikilie kwa dakika 20 hadi 30 ukiipandisha na kuishusha kidogo. Ukiona maji yanavuja, zima, rekebisha, endelea. Usiishushe kwenye sailensi eti unatafuta kinachovuja. Na kama unarudisha tapeti za zamani na kamshafti ile ile, kila tapeti irudi kwenye nundu yake, kwa hiyo ziwekee alama wakati wa kufungua.

Kamshafti za aina hii zinahitaji pia uangalie oili unayojaza. Tangu daraja la ubora wa oili liitwalo API SM lilipoingia mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 ziliwekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, ili kulinda katalisti kwenye ekzosi. Fosforasi hiyo imo pamoja na zinki kwenye kiongezi kile kile kinacholinda nundu na tapeti. Oili za 20W-50 hazikubanwa na kikomo hicho. Kwa 4Y iliyotoka kufungwa, 20W-50 ya kawaida, isiyo sinthetiki, inafaa kuliko 5W-30 ya bei mbaya.

Kwa 5A, 4A na 1NZ mambo ni mepesi. Kamshafti ziko juu kwenye hedi na zina oili yake, na unaweza kuzimwagia oili mpya dakika chache kabla ya kufunga kava. Tapeti zao za kikombe nazo husuguana na nundu, kwa hiyo pesti kidogo kwenye kamshafti mpya haidhuru. Kama kamshafti ni ile ile, asembli lubu au oili nzito inatosha. Injini ya 2ZR, ambayo nundu zake hugusana na roka zenye roli, haina haja ya pesti.

Wapo wanaopaka molibdeni hadi kwenye beringi, na injini zao zinatembea. Mimi siifanyi kwa sababu oili inageuka nyeusi tangu dakika ya kwanza, na ninataka oili ile ya mwanzo nikiichomoa niweze kuisoma.

Ringi na silinda ni habari tofauti kabisa

Hapa wanaopenda kulainisha sana ndio wanaoharibu. Mawe ya kusugulia silinda huacha mistari inayokatizana ukutani. Mistari hiyo inakula ringi mpya kidogo kidogo mpaka zikae sawa na ukuta, na kazi hiyo hufanyika zaidi katika saa za mwanzo za injini. Ukipaka pesti ya molibdeni au asembli lubu nzito kwenye ringi unazichelewesha kukaa, mistari inaisha makali, ukuta unang'aa, na injini inakula oili na kutoa moshi wa bluu wakati mteja ana risiti ya ringi mpya mkononi.

Kwa hiyo ni oili mpya ya injini tu, na kidogo: utando kwenye ukuta wa silinda, kiasi kwenye sketi ya pistoni, tone kwenye pini. Kutumbukiza pistoni nzima kwenye kopo la oili ni utamaduni wa zamani ambao sioni faida yake.

Kilicho muhimu kuliko aina ya oili hapa ni usafi. Bloku iliyotoka kusuguliwa ioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi ngumu. Petroli au dizeli peke yake haiondoi unga wa mawe, inauacha ndani ya mistari. Ukishakausha, pitisha kitambaa cheupe chenye oili safi au ATF (oili ya gia otomatiki). Kikitoka na kijivu, rudia. Kikitoka cheupe, paka oili hapo hapo, maana chuma kitupu kilichooshwa hakikawii kushika kutu. Kama injini itasubiri, funika matundu ya plagi na milango ya manifoldi, na siku ya kuwasha ongeza oili kidogo kwa kopo la kusukuma kupitia matundu ya plagi.

Grisi, Vaseline, na zile za kuacha

Grisi ni oili iliyoshikwa na sabuni ya kikemikali, mara nyingi ya lithiamu, ili isitoke mahali pake. Sifa hiyo inaifaa sana beringi ya gurudumu, na ndiyo inayoifanya isifae kwenye njia za oili za injini. Haiyeyuki vizuri kwenye oili. Bonge lake linaweza kukaa kwenye chujio la sampu, kwenye filta, au kwenye valvu inayopunguza presha ya pampu, na ukapata injini mpya yenye taa ya oili isiyozima. Zipo grisi chache zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Lubriplate 105 ambayo Wamarekani wameitumia kwa muda mrefu, lakini hiyo siyo iliyoko kwenye kopo la gereji. Litazame kopo lenyewe: kifuniko kilipotea zamani, mchanga umeganda pembeni, na kila aliyepaka CV joint alichovya kidole chake humo. Hicho kisiguse beringi yenye nafasi ya mm 0.03.

Grisi ibaki kwenye midomo ya sili za kranki, utando mwembamba tu, tena kama sili ni ya mpira wa kawaida. Sili za PTFE (Teflon) huwekwa kavu.

Vaseline ni hadithi nyingine, na napenda kuitetea. Vaseline tupu, isiyo na dawa wala manukato, ndicho kitu bora cha kujazia pampu ya oili. Pampu ikiwa kavu huzungusha hewa bila kuvuta. Ukijaza nafasi kati ya meno yake kwa Vaseline, inapata mshiko na kuanza kunyonya mara moja, kisha Vaseline inayeyuka kwa joto na kupotelea kwenye oili. Jambo hili lina uzito kwa Toyota zetu, kwa kuwa pampu za 5A, 1NZ na 5L zinazungushwa na kranki yenyewe mbele ya injini. Huwezi kuizungusha pampu peke yake kwa drili kama wanavyofanya wenye injini ambazo pampu yake inaendeshwa kutokea kwenye distribyuta. Kwenye beringi Vaseline ni bora kuliko grisi, ila haina viongezi vya kulinda chuma, kwa hiyo iwe ya kukwamua tu.

Oili chafu isiguse injini iliyofunguliwa, hata kwa kuzuia kutu. Ina masizi, asidi na chuma cha injini iliyopita. Oili ya gia haina kinachokosekana kwenye oili ya injini, na viongezi vyake vya salfa havikukusudiwa humo ndani. Grisi ya shaba na ya grafiti ni za nyuzi za ekzosi na mengineyo ya nje.

Bolti

Kipimo cha toki, yaani nguvu ya kukazia bolti, kimewekwa kwa nyuzi zilizo katika hali fulani. Kwa bolti za hedi, Toyota huelekeza oili ya injini kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti. Ukiweka pesti ya molibdeni mahali pake, msuguano unapungua, na toki ile ile inaivuta bolti kupita ilivyokusudiwa. Bolti inaweza kuvutika na kurefuka, au nyuzi za bloku zikang'oka. Bolti za kampuni ya ARP huja na pesti yake na vipimo vyake, hivyo fuata karatasi yao. Matundu ya bolti yasiyotokea upande wa pili yasiwe na oili chini, kwa sababu bolti ikishuka oili inakosa pa kwenda na nguvu yake inaweza kupasua bloku. Gasketi ya hedi iwekwe kavu juu ya nyuso kavu.

Kabla ya kuwasha

Hakuna kilainishi kinachokuondolea kazi ya kupandisha presha kwanza. Jaza filta oili kama inakaa wima. Toa plagi, kata umeme wa sindano (injekta) na wa plagi kwa kutoa fyuzi. Kwa 5L, chomoa waya wa solenoidi inayokata dizeli kwenye pampu na utoe plagi za joto ili kompresheni isiisumbue stata. Zungusha kwa vipindi vifupi, ukiipumzisha stata, mpaka taa ya oili izime. Kama haizimi, chomoa swichi ya presha ya oili na usukume oili kwenye tundu lake kwa kopo la pampu. Oili inaingia moja kwa moja kwenye njia kuu ya bloku, na kwa injini iliyokaa sana napendelea kufanya hivi kabla hata ya kugusa stata.

Katika mizunguko hii ndipo tofauti kati ya oili tupu na asembli lubu inapotokea. Oili iliyokaa wiki tatu imekwisha, na kranki inazunguka karibu kavu wakati ukisubiri taa. Asembli lubu bado iko.

Kwa injini za dizeli za 1KZ na 1KD zenye turbo, mimina oili safi ya injini kwenye tundu la oili la turbo kabla ya kukaza bomba lake. Oili tu, pesti isiingie humo. Injini ya mtumba iliyokaa muda mrefu ghalani nayo itendewe hivi hivi: oili kidogo kwenye silinda, plagi nje, presha kwanza, moto baadaye.

Oili ya kwanza isikae. Imwage baada ya kuwasha na kupasha injini kwa mara ya kwanza, au isizidi kilomita 500, pamoja na filta yake, iondoke na kilainishi kilichoyeyuka na vumbi la chuma cha ringi zinazokaa. Kata filta kwa msumeno wa bati au kisu cha kufungulia, tandaza karatasi yake juani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida, na kama ulipaka molibdeni, weusi ni wa kawaida pia. Vipande bapa vyenye rangi ya shaba si vya kawaida. Ukiviona, shusha sampu na ufungue kofia moja ya bigendi (beringi ya konrodi kwenye kranki) kabla gari halijatoka tena getini.